Uanagenzi Uwe Daraja la Kazi kwa Vijana Wenye Ulemavu

Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa mjini Garissa mbele ya waajiri, wakuu wa idara, wazazi, viongozi wa dini na vijana wenye ulemavu.





Mada ya leo inamhusu kijana mwenye ulemavu aliyesoma, ana cheti mkononi, na hapati kazi. Swali ni hili: uanagenzi, yaani kipindi cha kujifunza kazi ukiwa kazini, unawezaje kumtoa nyumbani na kumfikisha kwenye mshahara?

Jibu litolewe mapema, ili atakayelazimika kuondoka kabla ya mwisho aondoke nalo. Uanagenzi humsaidia kijana huyu pale tu unapopangwa kuanzia mwisho wake. Kabla hajaripoti siku ya kwanza, mwajiri awe tayari anajua ni kazi gani halisi inayohitaji mtu, na ni siku gani uamuzi wa kumwajiri au kutomwajiri utafanywa. Uanagenzi usio na mwisho uliopangwa humrudisha kijana palepale alipokuwa, akiwa amepoteza mwaka mmoja.

Sheria inasema nini

Kenya haikosi sheria. Mwaka 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inaitaka serikali ihakikishe, hatua kwa hatua, kwamba angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa au kuteuliwa katika vyombo vya umma ni watu wenye ulemavu. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate mafunzo yanayofaa na nafasi za kazi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilianzisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, linalojulikana kwa kifupi NCPWD. Mei 2025 sheria mpya ilitiwa saini kuchukua mahali pa ile ya 2003. Mswada wake uliwasilishwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Sheria hiyo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu.

Hesabu yake ni rahisi. Mwenye wafanyakazi 20 anatakiwa kuwa na mtu 1. Mwenye 100 anatakiwa kuwa na watu 5. Mwenye 400, watu 20. Kila mwajiri aliye katika ukumbi huu anaweza kufanya hesabu hiyo kimya kimya sasa hivi, kisha ajiulize ana wangapi.

Hata katika utumishi wa umma, ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba asilimia 5 haijafikiwa. Kiti kimewekwa na sheria, lakini mtu wa kukikalia hajafika. Kati ya kiti na mtu kuna pengo.

Pengo liko wapi

Soma tangazo lolote la kazi lililobandikwa mjini. Chini ya sifa za elimu utakuta sharti la uzoefu wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Kijana asiye na ulemavu huupata uzoefu huo kwa njia za mkato: anamsaidia mjomba dukani, anafanya kibarua cha mjengo, anajitolea zahanati, anaendesha tuktuk huku akisubiri. Kijana anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona au kiziwi mara nyingi haiti mtu kumpa hata kibarua hicho. Anafikia miaka 27 akiwa na stashahada nzuri na ukurasa mtupu wa uzoefu.

Upande wa pili yuko mwajiri. Wengi wao si watu wabaya. Wana hofu. Wanajiuliza: Atapandaje ngazi? Nitaongea naye kwa lugha gani? Akishindwa na kazi, nitamwachishaje bila kuonekana mkatili? Hofu hiyo haiondolewi na semina wala bango. Inaondolewa na miezi michache ya kufanya kazi pamoja, mwajiri akaona kwa macho yake kwamba faili zimepangwa, simu zimejibiwa na hesabu zimefungwa.

Kwa hiyo kijana hana uzoefu, na mwajiri naye hana uzoefu wa kufanya kazi na kijana huyo. Uanagenzi unawatibu wote wawili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu unastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko msaada wa siku moja wa kugawa viti vya magurudumu.

Hali ilivyo kwetu Kaskazini Mashariki

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika Kaunti ya Garissa. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, takriban watu 900,000 nchi nzima. Lakini tofauti kati ya kaunti ni kubwa mno. Embu ilikuwa na asilimia 4.4, na jirani zetu wa Wajir asilimia 0.6.

Ni vigumu kuamini kwamba ulemavu ni mara saba zaidi Embu kuliko Wajir. Eneo hili lina ukame, barabara ndefu, hospitali zilizo mbali, na miaka mingi ya mashambulizi na majeraha. Mwaka 2013 polio ilizuka, na Kenya ikathibitisha visa 14, cha kwanza kikiwa katika eneo la Dadaab. Watoto wa wakati ule sasa wanafikia umri wa kutafuta mafunzo na kazi. Inapotokea idadi ndogo hivyo katika eneo kama hili, swali la haki ni hili: wangapi hawakutajwa karani wa sensa alipobisha hodi?

Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti, na aliyefichwa chumbani hawezi kuomba uanagenzi. Jambo hili linaanzia nyumbani, wala si ofisini.

Kisha kuna umbali. Vyuo vya ufundi vilivyoanzishwa mahususi kwa ajili ya vijana wenye ulemavu viko mbali na hapa: Chuo cha Ufundi cha Viziwi cha Karen kiko Nairobi, cha Wasioona kiko Machakos, na Sikri kiko Homa Bay. Kijana wa Fafi anayefika huko na kuhitimu amevuka mengi. Lakini mtandao wa marafiki na walimu aliojenga unabaki huko, na akirudi Garissa hakuna mwajiri anayemjua. Hapa nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Garissa na Chuo cha Taifa cha Ufundi cha North Eastern. Wahitimu wao wenye ulemavu wana faida ya kujulikana, mradi taasisi hizo ziwafuatilie baada ya mahafali.

Kuna jambo la tatu ambalo wakuu wa idara wanalijua vizuri. Eneo hili limekuwa likitegemea wataalamu kutoka nje. Baada ya shambulio la Kamuthe la Januari 2020, ambapo walimu waliuawa, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa na madarasa yakabaki na upungufu mkubwa. Kijana mwenye ulemavu aliyezaliwa Bura au Dadaab ni mwenyeji. Anajua lugha, anajua watu, na hana mpango wa kuomba uhamisho. Kumwacha amekaa nyumbani huku nafasi zikikosa watu ni hasara ya kaunti nzima.

Na kwamba kiongozi anaweza kutoka huku kumeshaonekana. Harun Hassan aliongoza NONDO, shirika la watu wenye ulemavu wa jamii za wafugaji lililo na makao yake Garissa, kabla ya kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa NCPWD.

Uanagenzi mzuri unavyofanyika

Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, muuguzi mmoja aliyesimamia idara ya dharura, Erin Riehle, alikuwa na tatizo la kawaida la kazi: vifaa vya idara havikujazwa rafuni inavyotakiwa. Aliwaza kwamba vijana wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji wangeweza kuimudu kazi hiyo wakifundishwa vizuri. Mpango uliozaliwa hapo, Project SEARCH, umeenea katika nchi kadhaa. Kijana hukaa mahali pa kazi kwa mwaka wa masomo, anapitia vitengo vitatu tofauti, na mwalimu wake yuko palepale.

Somo lake kwa Garissa si kuiga hospitali ya Marekani. Somo ni kwamba muuguzi yule alianza na kazi iliyokosa mtu. Hakuanza kwa huruma. Kwa hiyo hatua zinazofaa ni hizi.

Kwanza, taja kazi. Mkuu wa idara aandike kazi tatu au nne ambazo hazifanyiki ipasavyo: kuingiza rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kupokea wageni, kufuatilia bili za maji, kutunza stoo, kushona sare. Mwanagenzi anayeambiwa “kaa hapo uangalie” hajifunzi chochote, na mwajiri naye hajui uwezo wake.

Pili, muulize kijana mwenyewe kabla ya siku ya kwanza. Maswali ni machache: Utafikaje kazini? Unahitaji nini mezani? Tukizungumza, njia gani inakufaa? Viziwi wawili hawafanani. Mmoja anatumia lugha ya ishara ya Kenya, mwingine anasoma midomo au anapendelea kuandikiwa. Usimkisie.

Tatu, teua msimamizi mmoja kwa jina. Mwanagenzi wa watu wote huishia kuwa wa kutumwa chai. Msimamizi akae naye kila wiki, hata kwa nusu saa, amweleze alichofanya vizuri na alichokosea. Kumficha makosa yake kwa kumhurumia ni kumnyima mafunzo.

Nne, weka siku ya uamuzi. Ikiwa uanagenzi ni wa miezi 12, mwezi wa tisa uwe wa tathmini. Kuna nafasi? Kijana anaifaa? Kama ndiyo, aelekezwe namna ya kuiomba. Kama hakuna nafasi, miezi mitatu iliyobaki itumike kumtafutia kwingine, na aondoke na barua inayotaja kazi alizofanya moja baada ya nyingine. Barua ya “alikuwa na tabia njema” haimfikishi popote.

Nchini Uganda kuna mpango uitwao Make 12.4% Work, uliopewa jina kutokana na asilimia ya Waganda wenye ulemavu katika sensa ya 2014. Katika kazi ya aina hiyo, watu wenye ulemavu wenyewe hufunzwa kuwatembelea waajiri, kukagua ofisi zao na kuwashauri. Garissa ina vyama vya watu wenye ulemavu vinavyoweza kufanya hivyo. Mwajiri asiyejua pa kuanzia aanze kwao.

Suala la gharama

Waajiri wengi hudhani kumpokea mwanagenzi mwenye ulemavu ni kubomoa jengo. Mara nyingi sivyo. Programu ya NVDA, inayomsomea asiyeona kilichoko kwenye kompyuta, hupakuliwa bila malipo. Simu nyingi za Android tayari zina TalkBack ndani yake. Kijana anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kupewa ofisi ya chini badala ya ghorofani, na fundi wa mtaani akajenga njia ya mteremko mlangoni kwa saruji. Kijana mwenye ualbino apangiwe kazi za ndani jua linapowaka. Mafuta ya kukinga ngozi hutolewa bure kupitia NCPWD.

Gharama inayouma zaidi ni usafiri. Tuktuk au bodaboda ya kila siku kutoka pembezoni mwa mji inaweza kumaliza posho nzima. Uanagenzi usio na posho humfungia mlango kijana huyu kuliko mwingine yeyote, kwa sababu yeye hawezi kutembea kilomita tano kuokoa nauli. Anayepanga uanagenzi apange nauli kwanza.

Tahadhari: uanagenzi usiwe kituo cha mwisho

Kuna hatari isemwe wazi. Taasisi inaweza kuchukua wanagenzi wenye ulemavu kila mwaka, ikapiga picha nao, ikawaandika kwenye ripoti, na isimwajiri hata mmoja. Kijana naye anazunguka kutoka uanagenzi mmoja hadi mwingine mpaka umri unampita. Huko ni kupata kazi ya bei rahisi kwa jina la mafunzo.

Kenya imeona mjadala huu kwa walimu wanagenzi wa sekondari msingi. Waliingia kwa posho, wakadai ajira, suala likafika mahakamani, na Januari 2025 wapatao 46,000 wakapokewa kwa masharti ya kudumu. Walifaulu kwa kuwa walikuwa wengi na wanasikika. Wanagenzi watano wenye ulemavu waliotawanyika katika ofisi tano hawana sauti hiyo. Ndiyo maana kipimo cha kila ofisi kisiwe wanagenzi wangapi iliwapokea. Kiwe wangapi kati yao wana kazi mwaka mmoja baadaye, mahali popote pale.

Kila mmoja na wajibu wake

Wazazi. Msajilini mtoto wenu na NCPWD. Hatua ya kwanza ni tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Bila usajili huo, kijana hawezi kuthibitisha haki yake katika asilimia 5, na akipata kazi hawezi kuomba msamaha wa kodi ya mapato, unaofikia shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Jambo la pili ni gumu zaidi: mruhusuni atoke. Mabinti hasa huzuiwa kwa hofu kwamba watadhulumiwa. Hofu hiyo ina msingi, na jawabu lake ni kumjua msimamizi wake, kutembelea mahali pa kazi na kukubaliana juu ya usafiri salama. Kumfungia ndani hakumlindi maisha yote, kwa maana wazazi nao hawadumu.

Vijana. Zijueni njia zilizopo. Mwenye shahada aangalie Mpango wa Uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, unaochukua miezi 12 na ambao umekuwa ukilipa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Aliyeishia kidato cha nne au chini yake aangalie mradi wa NYOTA, ambao nafasi zake hutangazwa kwa awamu. Umri wa kujiunga ni miaka 18 hadi 29, lakini kwa mwenye ulemavu unafika 35. Aliyejifunza ufundi mtaani bila cheti anaweza kuomba ujuzi wake utambuliwe rasmi. Na asiyetaka kuajiriwa akumbuke kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Miezi ya uanagenzi katika ofisi ya ununuzi inaweza kumfunza jinsi zabuni zinavyoombwa.

Mkiingia kazini, semeni mnachohitaji tangu siku ya kwanza. Kunyamaza kwa kuona haya kisha kushindwa na kazi kunamfanya mwajiri aamini alichokihofia.

Waajiri wa kibinafsi. Wenye maduka makubwa, hoteli, mabenki, kampuni za ujenzi na mashirika yanayohudumu Dadaab, ombi kwenu ni mwanagenzi 1 kila mmoja kwa mwaka huu, kwa kazi iliyotajwa na siku ya uamuzi iliyoandikwa. Tangu sheria ya 2003, mwajiri wa kibinafsi aliyeajiri watu wenye ulemavu aliwekewa nafuu ya kodi. Muulizeni mhasibu wenu nafuu hiyo imesimama wapi chini ya sheria mpya, kabla ya kusema hamwezi.

Idara za kaunti. Serikali haiwezi kumhubiria mfanyabiashara jambo ambalo haijalifanya. Kila idara, kuanzia afya, maji, elimu hadi mifugo, iorodheshe kazi zinazofaa, iwasilishe hesabu ya watumishi wake wenye ulemavu, na itoe matangazo ya nafasi katika misikiti, redio na ofisi za wadi, si kwenye tovuti peke yake. Asiyeona hasomi bango, na mkaazi wa Hulugho asiye na intaneti haoni tovuti.

Viongozi wa dini. Sauti yenu hufika katika nyumba ambazo afisa hafiki. Hotuba moja ya Ijumaa kuhusu haki ya kijana mwenye ulemavu ya kufanya kazi na kujitegemea inaweza kufungua mlango ambao barua kumi za serikali hazikuufungua.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kwenye barabara ya Garissa kwenda Nairobi, kilomita zaidi ya 360, kila abiria anayekaa kwenye basi anaweza kuufahamu msemo huo kwa dakika moja. Ofisi itakayotengenezwa leo ili kijana wa kiti cha magurudumu aingie, kesho inaweza kuwa ya mtu aliyekuwa akitembea alipoiidhinisha.

Basi kila anayetoka hapa atoke na jambo moja la kufanya kabla ya mwezi kuisha: mzazi apeleke mtoto kwa tathmini, kijana aandike ombi moja, mwajiri ataje kazi moja na msimamizi mmoja.